Macho ya Wasiosafiri: Tiba na Upasuaji wa Vikope katika Nchi ya Wagogo

Mtu anayefuatilia historia ya tiba katika nchi ya Wagogo hujikuta, apende asipende, akifuata njia ya wasafiri. Njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, kwa sababu pale palipatikana maji na chakula, na mbele yake ilikuwapo nyika kavu ya Marenga Mkali ambayo wapagazi waliivuka kwa haraka na kwa hofu. Wajerumani walipojenga reli ya kati walianzia Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, nayo Gulwe, katika bonde la mto Kinyasungwe, ikawa stesheni ya kushukia watu wa Mpwapwa. Tangu hapo wengi wamelijua jina la Gulwe kama mahali pa kupita, na katika miaka ya mafuriko, mto unapokula tuta la reli, kama mahali pa kukwama.

Habari za jinsi Injili ilivyofika na jinsi usharika ulivyoanzishwa zimeelezwa katika sura nyingine za kitabu hiki. Sura hii inashughulika na jambo moja tu. Tiba ya kisasa ilifika bara kwa njia ile ile ya wasafiri, ikawatibu kwanza waliosafiri, na ikachukua karibu miaka mia moja kuwafikia wale ambao hawakusafiri. Miongoni mwa hao wa mwisho, walioumia zaidi ni akina mama wenye vikope.

Matabibu wa njiani

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akiwa safarini kumtafuta Dk. David Livingstone, alimwacha Mpwapwa msaidizi wake William Farquhar, baharia Mskoti aliyekuwa amevimba miguu na hawezi tena kutembea. Farquhar alifia hapo muda mfupi baadaye. Wakati huo hapakuwa na tabibu wa kizungu wala hospitali kati ya pwani na Tabora. Aliyeugua aliangukia mikononi mwa wenyeji na waganga wao, na wengi wa wenyeji hao waliwatunza wageni kuliko wageni walivyokiri baadaye katika vitabu vyao.

Mwaka 1876 ndugu wa Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, CMS, walianzisha kituo Mpwapwa, na mwaka 1878 kikafunguliwa upya, safari hii akiwamo tabibu, Dk. Edward Baxter. Ni haki kusema wazi katika kitabu cha Walutheri kwamba kazi ya tiba katika Ugogo ilianzishwa na kubebwa kwa sehemu kubwa na ndugu Waanglikana. Dk. Baxter alitibu wapagazi, wafanyabiashara, wamisionari wenzake na wenyeji waliokuwa karibu. Lakini mtu mmoja mwenye sanduku moja la dawa, katika nchi ambayo kutoka kijiji kimoja hadi kingine ni mwendo wa siku nzima, hakuweza kuwa daktari wa nchi. Alikuwa daktari wa kituo na wa njia.

Mnamo Novemba 1889 ulipita Mpwapwa msafara mkubwa wa Stanley uliomtoa Emin Pasha kutoka Ikweta. Emin, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer, alikuwa mwenyewe tabibu, mzaliwa wa Silesia, na utotoni alibatizwa Kilutheri. Pamoja naye alikuwapo daktari wa jeshi, Thomas Heazle Parke. Katika msafara huo mtu mwenye macho mabovu kuliko wote alikuwa ni tabibu Emin, maana aliona kwa shida sana. Walipofika Bagamoyo, usiku wa tarehe 4 Desemba, baada ya karamu, alianguka kutoka ghorofani akaumia vibaya kichwani. Inaaminika kwamba ni macho yaliyomdanganya. Parke alikaa naye akamuuguza, na mwaka uliofuata Emin akapita tena Mpwapwa akielekea bara. Huyu ndiye mgonjwa wa macho anayejulikana kuliko wote waliopata kupita katika barabara hiyo. Wale waliokuwa wamekaa ndani ya tembe kando ya njia, wakiwa wamejifunika nguo usoni kwa maumivu ya mwanga, hakuna aliyeandika habari zao.

Sayansi nayo ilifuata njia. Mwaka 1905 Robert Koch, aliyekwisha kupata sifa duniani kwa kugundua bakteria wa kifua kikuu, alizunguka katika kambi za njia za misafara akichunguza homa inayorudi kwa vipindi, akathibitisha kwamba inaenezwa na papasi wanaojificha katika sakafu za udongo. Mwaka huo huo huko Kasongo, Kongo, daktari Joseph Dutton alikufa kwa homa hiyo hiyo aliyokuwa akiichunguza pamoja na mwenzake John Todd. Papasi waliwauma wasafiri, askari na maofisa waliolala katika mabanda ya njiani, na kwa hiyo papasi walichunguzwa. Mwaka 1905 pia Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mifugo Mpwapwa. Basi ng'ombe wa Wagogo walipata maabara miaka mingi kabla macho ya wenye ng'ombe hayajapata mtaalamu. Jambo hili halisemwi kwa dhihaka, maana Mgogo asiye na ng'ombe hana chakula wala mahari, na aliyemponya ng'ombe wake alimponya naye. Hata hivyo linaonyesha utaratibu wa mambo ulivyokuwa: kilichotibiwa kwanza ni kile kilichosafiri au kilichouzwa.

Ugonjwa unaokaa nyumbani

Vikope, ambao waganga wa hospitali huuita trakoma, hauui. Pengine hiyo ndiyo sababu ulisahauliwa. Unasababishwa na bakteria anayeitwa Chlamydia trachomatis, anayehama kutoka jicho hadi jicho kwa vidole, kwa upande wa kanga ambao mama humfutia mtoto mmoja kisha mwingine, na kwa inzi wanaotua kwenye tongotongo na kamasi. Mtoto huambukizwa, macho yakawa mekundu, yakapona, akaambukizwa tena. Baada ya miaka mingi ya kuambukizwa na kupona, upande wa ndani wa kope la juu hujaa makovu. Makovu hujikunja kama ngozi mbichi iliyoanikwa juani, yakavuta ukingo wa kope kuelekea ndani, na nywele za kope zikaanza kukwaruza kioo cha jicho. Kila mgonjwa anapopepesa macho, kioo kinakwaruzwa. Hatimaye kinapata vidonda, kinakuwa cheupe kama maziwa, na mwanga hauingii tena.

Mtoto ndiye anayeambukizwa, bali anayepofuka ni mtu mzima. Na kati ya watu wazima, wanawake wenye kope zilizogeukia ndani ni mara mbili hadi nne ya wanaume. Sababu yake haihitaji darubini. Mwanamke huambukizwa akiwa mtoto, kisha anapokuwa dada mkubwa mwenye kumbeba mdogo wake mgongoni, kisha akiwa mama, na tena akiwa bibi anayelala na wajukuu. Upofu wake ni mshahara wa kulea. Wakati huo mumewe na wanawe wakiwa malishoni au safarini, yeye hutwanga, hupika na huteka maji akiwa amefumba jicho moja.

Nchi yenyewe imeusaidia ugonjwa. Mvua za Ugogo ni chache na hunyesha kwa miezi michache tu ya mwaka. Katika kiangazi akina mama hufukua mchanga wa makorongo wakisubiri maji yajikusanye shimoni, wakajaza kibuyu, na siku hizi dumu. Maji hayo ni ya kunywa, ya kupikia na ya ndama. Uso wa mtoto utaoshwa yakibaki, nayo hayabaki. Katika tembe la Kigogo, nyumba ndefu ya udongo yenye paa bapa, ng'ombe hulala uani katikati ya vyumba, na inzi hawahitaji kualikwa.

Akina mama wenyewe hawakukaa bure. Walitengenezewa vibano vidogo vya chuma, na mwanamke alimlaza mwenzake mapajani akamng'oa nywele zinazochoma, moja baada ya nyingine. Nafuu hupatikana kwa wiki chache. Nywele huota upya zikiwa fupi na ngumu zaidi, na kazi huanza tena. Dawa hii ni ya kale kuliko inavyodhaniwa. Katika andiko la tiba la Misri linaloitwa Papairasi ya Ebers, lenye umri wa zaidi ya miaka 3,500, zimo dawa za kupaka baada ya kung'oa kope ili zisiote tena, nyingine zikichanganywa na damu za wanyama. Basi Israeli walipokuwa Misri, wake za Farao walikuwa na kibano kile kile.

Inafaa kukumbuka hapo kwamba vikope si ugonjwa wa Waafrika. Askari wa Napoleon waliokwenda Misri mwaka 1798, na Waingereza waliokwenda kupigana nao, walirudi na ugonjwa huu kambini na mijini mwao. Hospitali mashuhuri ya macho ya Moorfields, London, ilianzishwa mwaka 1805, wakati ambapo Waingereza walikuwa wakiona askari wao wakirudi vipofu. Karne moja baadaye, maskini wa Ulaya waliohamia Marekani walipofika bandari ya New York walipangwa mstari, na daktari akawageuza kope mmoja mmoja, mara nyingi kwa kulabu ya kufungia vifungo vya viatu. Aliyekutwa na vikope alirudishwa melini. Ulaya iliponywa na nini? Kwa sehemu kubwa si dawa. Vikope vilikwisha kupungua sana huko kabla dawa za kuua bakteria hazijajulikana, baada ya maji kuingia majumbani, vyoo kujengwa na watoto kuacha kulala sita katika kitanda kimoja. Na yule bakteria mwenyewe alikuzwa maabara kwa mara ya kwanza na mtaalamu wa China, Tang Feifan, katika miaka ya 1950, ambaye alijitia jichoni mwake mwenyewe ili kuthibitisha alichokipata.

Kisu na woga wake

Watu wanaoogopa kukatwa jicho wana sababu, na historia iko upande wao zaidi kuliko wataalamu wanavyopenda kukubali. Mfano mmoja unatosha, nao ni wa Mlutheri. Johann Sebastian Bach, mwalimu wa muziki wa kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, ambaye tenzi alizozipanga zinaimbwa na kwaya za Kilutheri hadi leo, uzeeni alipatwa na mtoto wa jicho. Mwishoni mwa Machi 1750 alifika mjini mpasuaji Mwingereza, John Taylor, aliyekuwa akisafiri mji hadi mji kwa gari la farasi na kutangaza ustadi wake kwa hotuba. Alimkata Bach, na baada ya siku chache akamkata tena. Hapakuwa na dawa ya ganzi, wala hakuna aliyejua kwamba vyombo vya kukatia vinapaswa kutakaswa. Bach hakuona tena sawasawa, afya ikaharibika, akafariki tarehe 28 Julai mwaka huo. Taylor alikuwa amekwisha kuondoka mjini, na magazeti yakasema amefaulu.

Mambo matatu yalikibadilisha kisu baada ya hapo. Mwaka 1846 mjini Boston ilionyeshwa hadharani kwamba mgonjwa anaweza kulazwa kwa etha akapasuliwa bila kusikia maumivu. Mwaka 1867 Joseph Lister alieleza jinsi ya kuzuia vidonda kuoza kwa kuua vijidudu kwenye jeraha na vyombo. Na mwaka 1884 kijana wa Vienna, Carl Koller, aligundua kwamba tone la kokeini linalitia jicho ganzi huku mgonjwa akiwa macho na akizungumza. Hakuwa hata na nauli ya kwenda kwenye mkutano wa Heidelberg kutangaza ugunduzi wake, ikabidi daktari mwingine amsomee. Tiba ya kutia ganzi sehemu moja tu ya mwili ilianzia jichoni, na kila mama wa Mpwapwa anayechomwa sindano ya ganzi katika kope ni mrithi wa tone lile.

Upasuaji wa vikope wenyewe ni mdogo. Mgonjwa hulala chali, kope hutiwa ganzi, kisha hukatwa kwa urefu wake milimita chache kutoka ukingoni, ukingo ukageuzwa utazame nje, na nyuzi zikaushika hapo. Kazi hiyo huchukua chini ya saa moja. Hauhitaji daktari bingwa wala jengo kubwa, maana muuguzi aliyefundishwa vizuri anaweza kuufanya katika zahanati yenye mwanga wa kutosha, vyombo vilivyochemshwa na meza imara. Njia hii ilithibitika kuwa bora kuliko nyingine kwa utafiti uliofanyika Oman, nchi ambayo jamaa nyingi za pwani ya Afrika Mashariki zina ndugu huko. Mwaka 2012 Oman ikawa nchi ya kwanza kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imevitokomeza vikope kama tatizo la afya ya jamii. Upasuaji haurudishi uoni uliokwisha kupotea. Unaondoa maumivu na kuokoa kilichobaki, na kwa baadhi ya wagonjwa kope hurudi ndani tena baada ya miaka kadhaa. Ni vema jambo hili lisemwe kabla ya kukata, kwa kuwa mgonjwa aliyeahidiwa kupita kiasi huwakatisha tamaa kumi walio nyuma yake.

Kisu kinaondoka barabarani

Hatua ya kwanza kuelekea kwa wasioona wa Ugogo haikuwa ya kisu bali ya shule. Mwaka 1950 Kanisa Anglikana lilifungua Buigiri shule ya watoto wasioona, ya kwanza katika Tanganyika. Ilipofunguliwa, wengi walishangaa kwamba mtoto kipofu anaweza kusoma kwa vidole, maana walikuwa wamemzoea aliyekaa kwenye kivuli cha mbuyu akingojea chakula.

Hatua ya pili ilitoka Mvumi. Kuanzia mwaka 1975 hadi 1985 daktari wa macho Allen Foster alifanya kazi katika hospitali ya Waanglikana ya Mvumi, akisaidiwa na shirika la CBM. Shirika hilo lina asili inayowahusu Walutheri, maana lilianzia katika kazi ya mchungaji Mjerumani, Ernst Jakob Christoffel, aliyefungua nyumba ya vipofu na yatima mjini Malatya, Uturuki, mwaka 1908. Uchunguzi uliofanywa na Foster kuhusu watoto waliopofuka ulionyesha kwamba surua, upungufu wa vitamini A na dawa za kienyeji za kutia machoni ndivyo vilivyoharibu macho mengi. Mtoto aliyeugua surua akiwa na njaa, kisha akatiwa majimaji ya majani, mara nyingi alipona surua akabaki kipofu. Chanjo ya surua, ambayo kwa mama wengi ni alama ndogo tu kwenye kadi ya kliniki, imeokoa macho mengi kuliko visu vyote vya mkoa huu. Huko Moshi, hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema kwa juhudi kubwa za Walutheri, ilikuwa ikiwafundisha madaktari wasaidizi kazi ya macho ili waende mikoani, kwa kuwa madaktari bingwa nchini walihesabika kwa vidole.

Hatua ya tatu ilikuwa Kongwa, jirani kabisa na Mpwapwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, akiwamo Hugh Taylor na Sheila West, pamoja na shirika la Helen Keller na watumishi wa Wizara ya Afya, walikwenda nyumba kwa nyumba vijijini wakigeuza kope za watoto na za mama zao. Zaidi ya nusu ya watoto wadogo walikutwa na vikope. Ndipo dunia ilipojua jambo ambalo kila bibi wa Kongwa alilijua tangu zamani.

Wataalamu hao walijifunza mambo mawili ambayo hayapatikani katika vitabu vya upasuaji. La kwanza lilihusu maji. Ilidhaniwa kwamba nyuso za watoto hazioshwi kwa sababu maji yako mbali. Ilipochunguzwa, ilionekana kwamba umbali peke yake hautoshi kueleza, kwani hata walio karibu na maji wengi hawakuwaosha watoto. Watu waliamini kwamba kuosha uso kunamaliza maji mengi, na mama aliyemwaga maji kwa kazi hiyo alionekana mfujaji, hasa mbele ya mume na mama mkwe. Basi ilifanyika mikutano, maji yakapimwa lita moja mbele ya wote, na watoto wakaoshwa mmoja mmoja hadi maji yakaisha. Nyuso zilizooshwa zilikuwa nyingi kuliko yeyote alivyokisia. Baadaye vijiji sita viligawanywa. Vyote vilipewa dawa ya tetrasaiklini ya kupaka machoni, lakini vitatu viliongezewa mafundisho ya kuosha nyuso, wakiwamo wanaume na wazee. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba katika vijiji vilivyofundishwa vikope vikali vilipungua zaidi. Kikombe cha maji kilichoruhusiwa na baba kilifanya kazi ambayo dawa peke yake haikuifanya.

La pili lilihusu kisu. Wanawake waliokutwa na kope zilizogeukia ndani walielezwa hali yao na kuelekezwa mahali pa kupasuliwa. Walipotembelewa tena baada ya miaka, ilionekana kwamba wengi wao hawakwenda. Walipoulizwa, walitaja mambo ambayo mchungaji yeyote angeyatambua: hapakuwa na wa kumsindikiza, hapakuwa na wa kubaki na watoto, ilikuwa wakati wa palizi, nauli haikuwapo, na kibano bado kinasaidia. Wasomaji wa ripoti hizo mijini waliliita jambo hilo ukosefu wa elimu. Hukumu hiyo si ya haki. Mwanamke aliyemfahamu mtu aliyekatwa na asipone, na ambaye akilala siku mbili hakuna atakayeteka maji, alikuwa amepiga hesabu yake vizuri. Palikosekana mtu wa kumbebea upande wa pili wa hesabu hiyo.

Kutokana na kazi za Kongwa na za kwingineko, Shirika la Afya Duniani liliunganisha katika miaka ya 1990 mambo manne yanayokwenda pamoja: upasuaji, dawa, usafi wa uso, na mazingira yenye maji na vyoo. Kuanzia mwaka 1999 Tanzania ilipokea dawa ya azithromaisini iliyotolewa bure na kampuni ya Pfizer, inayomezwa mara moja kwa mwaka na kijiji kizima, na wilaya za Dodoma zikawa miongoni mwa za kwanza. Lengo la kuvitokomeza vikope duniani liliwekwa kuwa mwaka 2020. Mwaka huo ulipita kabla kazi haijakwisha, na lengo likasogezwa hadi 2030. Ugonjwa umepungua sana, ila haukuondoka Kongwa kwa urahisi uliotarajiwa, na wataalamu waliendelea kurudi huko kutafuta sababu.

Imani na tiba

Katika shirika zote za Wakristo wamekuwapo waliosema kwamba kwenda kukatwa ni kupungukiwa na imani. Mlutheri anayesema hivyo amemsahau Luther. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, Martin Luther na mkewe Katharina walibaki mjini ingawa walitakiwa kuondoka, na nyumba yao ikageuka kuwa hospitali. Katika barua ndefu kwa mchungaji Johann Hess wa Breslau alifundisha kwamba dawa zimeumbwa na Mungu zitumiwe, na kwamba anayezikataa kwa kisingizio cha kumtegemea Mungu kwa kweli anamjaribu. Msomaji wa Injili ya Yohana, sura ya tisa, naye ataona kwamba yule aliyezaliwa kipofu hakuponywa kwa neno tu. Alipakwa tope, akatumwa kwenda kunawa katika birika la Siloamu, na alikwenda. Mambo hayo yanasomwa kila mwaka kanisani, bali mara chache yanahubiriwa kwa kutaja maji ya kunawia uso.

Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kukimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na Gulwe imepewa stesheni katika reli hiyo mpya. Abiria anayetoka hapa hufika hospitali kubwa za Dodoma kwa muda mfupi ambao wazee waliosubiri treni ya zamani usiku kucha hawakuuota. Kwa mgonjwa wa vikope reli hii ni msaada wa sehemu tu. Shida yake iko katika kilometa za kwanza, kutoka mlangoni kwake hadi barabarani, ambazo huzitembea akiwa ameshika fimbo inayovutwa na mjukuu, na mjukuu huyo siku hiyo hakwenda shule. Katika Injili ya Marko, sura ya nane, kipofu wa Bethsaida aliletwa na watu, na Bwana Yesu mwenyewe akamshika mkono akamtoa nje ya kijiji kabla ya tendo lolote la kuponya.

Kazi hiyo ya kushika mkono haina shahada. Imefanywa na wazee wa kanisa, wainjilisti, akina mama wa umoja wao na vijana wa kwaya katika sharika nyingi za mkoa huu, pengine bila mtu kuiandika mahali popote. Anayeifanya anapaswa kujua mambo machache ya utaratibu. Mgonjwa hula kabla ya kwenda, kwa kuwa halazwi usingizi. Baada ya kukatwa jicho hufungwa kitambaa hadi kesho yake, hivyo hawezi kurudi peke yake, na asiachwe apike siku hiyo kwenye moshi. Nyuzi hutolewa baada ya wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo anayejitolea kumpeleka mama wa vikope zahanati hana budi kuhesabu safari mbili tangu mwanzo, na kumwambia hivyo kabla hawajaondoka nyumbani.